Salma, hasira ya nchi hii haikuanzia kwetu

Birmingham, Januari 2026

Mwanangu Salma,

Salamu nyingi, na baada ya salamu. Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli Waingereza wanataka kutufukuza, na kama ulipe zile pesa anazotaka wakala ili akutafutie kazi ya kuhudumia wazee huku. La pili ni jepesi, kwa hiyo nalitanguliza. Usilipe hata shilingi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali haitoi tena viza mpya ya kazi hiyo kwa mtu aliye nje ya Uingereza. Anayekwambia njia ipo anataka kukuibia. Na hata ilipokuwapo, watu waliumia. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 kampuni zaidi ya 470 za huduma ya wazee zilinyang'anywa vibali vya kuleta wafanyakazi, na walioachwa wakihangaika ni watu waliokwisha kuja, wengine wakiwa wameuza viwanja kwao.

La kwanza ndilo lenye maneno.

Mimi niliingia wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024. Chama cha Conservative kilikuwa kimetawala miaka 14, watu wamechoka, chama cha Labour kikabeba viti 411 kati ya 650. Ukisikia viti hivyo utadhani nchi nzima iliwapenda, kumbe kura zao zilikuwa kama asilimia 34 tu. Huku ni kama kwetu kwenye ubunge: anayeongoza jimboni ndiye anayechukua kiti, na kura za wengine zinaishia hapo. Chama cha Reform cha Nigel Farage, kinachopinga uhamiaji, kilipata asilimia 14 ya kura na viti 5. Mwaka jana ndicho kilichoongoza kwenye kura za maoni. Kwa hiyo Waziri Mkuu Keir Starmer wa Labour ana wabunge wengi na wapenzi wachache, na mambo mengi anayoyasema kuhusu wageni anayasema kwa kumhofu Farage.

Lakini siasa yao mimi naielewa zaidi hapa mjini ninapoishi. Septemba 2023 halmashauri ya Birmingham ilitangaza kwamba haina tena uwezo wa kulipa matumizi yake. Sikiliza sababu mojawapo kubwa, kwa kuwa inatuhusu sisi wanawake. Kwa miaka mingi wapishi wa shule, wasafishaji na wahudumu wa wazee walilipwa pungufu kuliko wanaume waliofanya kazi za taka na barabara, ingawa kazi zao zilipimwa kuwa sawa. Wanawake hao walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikawapa haki. Madai yakaendelea kuongezeka hadi deni likawashinda wakubwa. Na huku nyuma, tangu mwaka 2010, serikali kuu ilikuwa inazipunguzia halmashauri fedha mwaka baada ya mwaka. Walipofilisika, waliobebeshwa mzigo ni wakazi: kodi ya halmashauri ilipandishwa karibu asilimia 10 mwaka 2024, kisha asilimia 7.5 mwaka 2025, na huku maktaba na huduma za vijana zinapunguzwa. Machi 2025 wazoa taka wakagoma bila kikomo kwa sababu vyeo vya baadhi yao vilifutwa na mishahara ingeshuka. Mgomo huo haujaisha hadi leo nikiandika. Zile picha za milima ya taka na panya ulizonitumia ukiuliza kama ni kweli, ni kweli.

Sasa tazama katika hadithi yote hiyo, mgeni yuko wapi? Aliyewalipa wanawake pungufu si mgeni, wala aliyekata fedha za halmashauri. Mvunja nchi ni mwananchi. Lakini majira ya joto yaliyopita, bendera za taifa lao zilipoanza kutundikwa kwenye nguzo za taa mitaa ya kusini mwa mji huu kisha zikaenea nchi nzima, wengi waliokuwa wakizishangilia walizungumzia wageni, si bajeti.

Yuko bibi mmoja ninayemhudumia, miaka yake imepita themanini. Julai 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, aliwaondolea wazee wapatao milioni 10 ile posho ya kupasha nyumba joto, pauni 200 hadi 300 kwa mwaka. Baridi ilipokuja nilikuwa namkuta bibi huyo amekaa sebuleni na koti, hita imezimwa, anaogopa bili. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma, wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka wakarudishiwa, naye akapata. Lakini ile baridi aliyokwisha kuikaa, na woga ule, hakuna aliyemrudishia. Aliniambia kwamba sasa kura yake ni ya Farage. Nikamuuliza, na mimi je? Akanishika mkono akasema si mimi anayenikusudia, ni wale wengine.

Sikumchukia, na wewe usimchukie. Ameonewa kweli. Amefanya kazi tangu akiwa msichana, na uzeeni anaogopa kuwasha hita. Ninachokipinga ni wanasiasa wanaoichukua hasira hiyo ya haki na kuielekeza kwa watu wengine, kwa sababu kuwaelekeza huko ni rahisi kuliko kuwaeleza fedha zilikwenda wapi. Uhamiaji umepungua sana. Ukitoa waliohama, nyongeza ya watu walioingia ilikuwa karibu laki tisa katika mwaka ulioishia Juni 2023. Katika mwaka ulioishia Juni 2025 ilikuwa laki mbili hivi. Kodi za nyumba hazikushuka. Foleni ya matibabu hospitalini England bado imepita milioni saba.

Kuhusu mshahara wangu, kwa kuwa najua mwezi uliopita ulitumiwa kidogo. Nalipwa pauni 12.21 kwa saa, kile kima cha chini cha sheria. Muda ninaotumia njiani kati ya nyumba moja na nyingine mwajiri wangu haulipi. Katika bajeti ya Oktoba 2024 mchango wa Bima ya Taifa, ambao mwajiri huilipa serikali kwa kila mfanyakazi, ulipandishwa kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na mwajiri anaanza kuulipa kwenye mshahara wa chini zaidi kuliko zamani. Kampuni za huduma ya wazee, zenye wafanyakazi wengi wa mishahara midogo, ziliumia kuliko nyingi, na wakubwa wetu wakapunguza saa zetu. Aprili hii kima cha chini kitafika 12.71, na familia maskini zenye watoto zaidi ya wawili zitaanza kupewa posho ya watoto wote. Hayo ni mema na nayakubali.

Linaloniuma ni hili. Nilipopata viza tayari sheria ya tarehe 11 Machi 2024 ilikuwa imekataza wahudumu wa wazee kuja na watoto wao. Nilikubali, kwa kuwa niliambiwa baada ya miaka mitano naweza kuomba ukaazi wa kudumu. Nikahesabu: 2029. Novemba iliyopita Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, mbunge wa hapahapa Birmingham na mwana wa wahamiaji, alipendekeza miaka kumi kwa wengi, na kwa sisi wa kazi wanayoiita ya ujuzi mdogo, kumi na mitano. Hiyo ni 2039, Salma. Utakuwa na miaka 30. Farage naye ameahidi kuufuta ukaazi huo kabisa. Kuweka masharti mapya kwa watakaokuja ni haki yao, nchi ni yao. Lakini kumbadilishia aliyekwisha kuja, anayelipa kodi kila mwezi na ambaye viza yake haimruhusu kugusa msaada wa serikali, ni kuvunja ahadi, na nimewaambia hivyo kwa maandishi. Wanapokea maoni hadi tarehe 12 Februari.

Na kuna jambo ambalo wenzangu wengi kazini hawalijui. Mkenya anayeishi huku kwa viza halali ana haki ya kupiga kura, kwa sababu Kenya, kama Tanzania, ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Nimejiandikisha. Tarehe 7 Mei tunachagua madiwani wa Birmingham, na pasipoti yangu ya Kenya inakubalika kituoni. Nimewaandikisha na akina mama wengine wawili wa Kisumu na Tanga tunaofanya kazi pamoja, na Jumapili hii tunakwenda kwa wengine.

Wewe jaza maombi ya chuo kabla dirisha halijafungwa. Ada tutaipanga kwa simu. Msalimie nyanyako, mwambie dawa zake nimezilipia.

Mamako