Vinyago vya wazee vinaliwa na kung'arishwa

Bwana Mhariri,

Naandika kutoka Bukavu kuhusu hali ya sanamu za kale za mbao, zile za Bwami, chama cha wazee chenye madaraja cha Walega wa mashariki mwa Kongo, na zile za misalaba ya parokia zetu, ambazo nimezishughulikia kwa miaka kadhaa kama seremala.

Mwezi uliopita niliitwa kutazama kinyago kimoja cha familia, nikakikuta kimekwanguliwa na kupigwa vanishi kama meza ya sebuleni. Mwenyewe alidhani amekiokoa. Kumbe ule mng'ao mweusi wa zamani, uliotokana na mafuta na mikono ya wazee waliokishika katika sherehe za kupandishwa daraja, ndio uliokuwa ushahidi wa umri na matumizi yake, na ukishakwanguliwa haurudi. Udongo mweupe unaobaki kwenye nyuso za vinyago vya Kilega nao huoshwa kwa sabuni kana kwamba ni uchafu!

Adui mwingine ni dumuzi, mdudu anayetoboa mbao. Matundu peke yake si hoja, kwani huenda ni ya zamani; cha kuangalia ni unga mpya wa mbao unaodondoka chini ya sanamu. Ukiuona, itenge sanamu hiyo na nyingine, usiipake mafuta ya taa, na usiianike juani, maana mbao ikikauka ghafla hupasuka.

Naomba wenye makanisa na wenye familia watuite mafundi kabla ya kununua brashi.

Msomaji wenu, Bukavu