Salamu za Noeli: Furaha na Uungwana Katika Mwaka Mgumu

Wapendwa wanafamilia, wanajumuiya na marafiki mlio karibu na mlio mbali,

Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu nyote kwa jina la Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu, nikiwaombea afya njema, amani na baraka tele katika sikukuu hii. Kwa miaka mingi salamu hizi ziliandikwa na dada yetu mkubwa, na kwa kuwa tulimzika mwezi Julai, wajibu huo umeniangukia mimi, nami naupokea kwa moyo mzito.

Mwaka umetubana. Bei ya mchele, sukari na mafuta ya kula imepanda, nauli nayo imepanda, na wazazi wengi wanaiona Januari ikija na ada zake huku mkononi hamna kitu. Ziko nyumba ambazo hazitapika pilau mwaka huu, na wako watoto watakaokwenda Misa na nguo za mwaka jana. Siwezi kuwaandikia mfurahi kana kwamba sijayaona hayo.

Lakini aliyetuagiza kufurahi naye hakuwa katika raha. Dominika ya tatu ya Majilio, padre anapovaa rangi ya waridi, Kanisa hurudia maneno ya Mtume Paulo kwa Wafilipi: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Paulo aliyaandika akiwa kifungoni, hajui kama atafunguliwa au atauawa, na papo hapo akaongeza kwamba upole wetu ujulikane na watu wote. Katika sura hiyohiyo, kabla ya kufika kwenye furaha, anashughulikia ugomvi wa wanawake wawili, Euodia na Sintike, na namna anavyouandika inastahili kutazamwa kwa makini. Anamsihi wa kwanza, kisha anamsihi wa pili kwa neno lilelile, asionekane yeyote kuwa ndiye mkosaji. Hasemi waligombania nini. Anamwomba mwenzake awasaidie, na mbele ya kanisa zima anakumbusha kwamba waliishindania Injili pamoja naye. Ndiyo maana baada ya miaka karibu 2,000 tunayajua majina yao na kazi yao njema, lakini aibu yao hatuijui.

Dada yetu aliandika hivyo. Tulipogombana kuhusu shamba la marehemu baba, na wengine wetu tukawa hatusalimiani, alimwandikia ndugu yetu mmoja barua ambayo nilionyeshwa baada ya mazishi. Aliwaulizia watoto wake kila mmoja kwa jina, akamshukuru kwa usiku aliompeleka mama hospitali, na mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, akamwomba arudi tuzungumze. Naye alirudi. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, na kila mara namkosa upya.

Noeli yenyewe ina mtu wa namna hiyo. Yusufu, kabla malaika hajamtokea ndotoni, alipodhani ameletewa aibu, hakutaka kumwaibisha Mariamu, akaazimu kumwacha kwa siri. Alimlinda mwanamke na mtoto kabla hajaambiwa kwamba mtoto huyo ni nani.

Basi, ndugu zangu, nawasihi. Siku hizi kila mmoja wetu ni mwandishi, maana simu ipo mkononi kutwa. Asiyetoa mchango wa harusi asianikwe katika kundi la familia. Apigiwe simu peke yake, kwa sauti ya chini. Tunapobishana juu ya imani au siasa, tuueleze wema wa mwenzetu kabla ya kosa lake, na tukishindwa kufanya hivyo, tunyamaze hadi kesho. Anayetudai tumjibu, na tunayemdai tumpumzishe siku ya Noeli. Mume ampokee mkewe mzigo jikoni. Dada wa kazi aketi mezani nasi na ale nyama ileile. Mjane wa jirani apelekewe sahani yake kabla hatujaanza kula, tena ipelekwe na mkubwa wa nyumba. Furaha isiyomfikia mtu wa namna hiyo bado haijawa furaha ya Kristo, hata tuimbe kwa nguvu kiasi gani.

Nawatakieni nyote Noeli njema na heri ya Mwaka Mpya. Wanaosafiri Mungu awafikishe salama, wagonjwa awaponye, na marehemu wetu awape pumziko la milele.

Ni mimi ndugu yenu, katika upendo wa Kristo.