Dira hakuna, lakini namba ya malipo ipo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa kazini, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia, hata pale mlipoweka picha ya mazishi kwenye habari ya harusi. Ila ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya wateja wapya wanaosubiri kuvutiwa maji, imenishinda kuimeza. Msemaji kawaambia vifaa vimepanda bei dunia nzima, wananchi wawe na subira. Mwandishi wenu akaandika vilevile alivyoambiwa, akafunga daftari, akaondoka. Hata kumuuliza hiyo bei iliyopanda anailipa nani, hakumuuliza.

Nailipa mimi.

Sikatai kwamba bei zimepanda. Redio ninayo. Baridi iliyofunga viwanda vya Texas Februari 2021 ilipaisha bei ya plastiki ghafi duniani, na mwezi uliofuata meli ya Ever Given ikaenda kuziba Mfereji wa Suez. Ikaja vita ya Ukraine. Kufika mwisho wa 2023 meli zikawa zinazunguka Afrika nzima kwa kuogopa makombora ya Bahari ya Shamu. Usisahau dola: mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kama shilingi 2,300, mwaka uliofuata ikapita 2,700, na kuna wakati hata ukiwa na shilingi zako mkononi dola yenyewe huioni. Mabomba ya plastiki yanatengenezwa hapahapa nchini, lakini punje za kuyatengenezea zinaagizwa nje, na dira, yaani mita za maji, nyingi zinakuja zimeshakamilika. Yote nayakubali. Ninachouliza ni kwa nini hasara ya kungoja abebeshwe mtu ambaye amekwisha kulipa.

Nilijenga kwa mafao, kile kilichosalia baada ya kikokotoo, ile hesabu ya kupanga mafao ya mstaafu, kupita. Nilipomaliza kupaua nikapeleka fomu ya maombi kwenye mamlaka ya maji ya mji wetu. Sitaitaja, maana bado wananisomea dira. Akaja kijana na futi kamba, akapima kutoka bomba kubwa la barabarani hadi kwenye kiwanja changu, akaandika makadirio: bomba la inchi moja, viungio, koki, dira, ufundi na usimamizi. Laki saba na themanini. Nikapewa namba ya malipo palepale, nikalipa yote kwa mkupuo kwenye simu, ujumbe wa kupokelewa ukaingia kabla sijatoka getini. Mtaro nikaambiwa nichimbishe mwenyewe, na nikachimbisha. Ukutani mwao kumebandikwa tangazo kwamba mteja akilipa ataunganishiwa ndani ya siku saba, na Waziri wa Maji, Jumaa Aweso, hilo la siku saba amelisema hadharani. Siku saba zikapita, masika yakaingia, mtaro ukajaa maji ya mvua, ambayo ndiyo maji ya kwanza kufika kwenye kiwanja changu kwa njia ya mtaro huo. Mtendaji wa mtaa akaja kunionya niufukie kabla mtoto wa mtu hajatumbukia, la sivyo atanipiga faini. Kule ofisini wananiambia nisithubutu kuufukia, mafundi watakuja wakati wowote. Stoo hakuna dira. Dira zikaja, bomba likawa limeisha. Kisha ukaingia ujumbe: makadirio yako yamepitwa na wakati, ongeza laki moja na sabini elfu. Nikaenda. Kijana wa dirishani ana adabu zake, aliniamkia shikamoo na kunivutia kiti. Nikamuuliza makadirio yamepitwaje na wakati ilhali fedha yenyewe iko kwenu? Akasema, "Mzee, makadirio yana siku tisini." Nikamwambia, na fedha yangu je? "Fedha haina shida mzee, ipo."

Ipo! Kwa hiyo fedha yangu ililala kwao bila kuzaa, ila deni langu lilikuwa halilali. Ningeuchukua mchango huohuo nikauweka kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu, ningerudishiwa na faida juu.

Nilipotoka nje nikavuka barabara kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mlangoni palikuwa na roli la bomba jeusi lenye mstari wa buluu, inchi moja, kipenyo kilekile kilichoandikwa kwenye makadirio yangu, na juu yake kalala paka. Sisemi limetoka wapi. Nasema tu kwamba uhaba ulikuwa upande mmoja wa barabara. Ofisini wakanishauri, kwa mdomo, bila karatasi, kwamba nikilinunua mwenyewe fedha yangu "itarekebishwa kwenye bili." Nikalinunua, nikalileta kwa guta, likafukiwa, maji yakatoka. Bili zimeanza kuja kila mwezi bila kukosa. Marekebisho sijayaona.

Sasa sikia na hili. Hazikupita wiki nyingi, majirani watatu wakaunganishwa kwenye bomba lilelile, kila mmoja kwa mita chache tu kutoka ukutani kwake. Sina ugomvi nao, ni watu wema, na mmoja hunipa mboga. Ila wao wamelipa mita chache, mimi nimelipa barabara nzima, na jioni wote tukifungua koki maji kwangu yanadondoka. Nilipouliza nikaelezwa kwamba bomba lote lililo kabla ya dira ni mali ya mamlaka, mteja hana haki nalo. Sawa. Basi lilipofumuka kwenye kiungio pale njia panda, kabla ya dira, nikapiga simu kuwataarifu wenye mali. Fundi akaja mikono mitupu, akaniambia kiungio hakuna, ninunue.

Na hii habari ya mtu wa kwanza kulipia mtaa mzima haiko kwenye maji peke yake. Kwenye umeme, enzi za Waziri Medard Kalemani mjini na kijijini ilikuwa shilingi 27,000. Januari 2022 Waziri Januari Makamba akaturudishia sisi wa mjini bei za zamani: 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo, 515,618 kwa nguzo moja, 696,670 kwa nguzo mbili. Maelezo yalikuwa kwamba 27,000 haifikii gharama, na hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la nne angekubali. Lakini nguzo ukishailipia na kusimikwa, jirani atakayekuja kesho yuko ndani ya mita 30 na atalipa bei ya asiye na nguzo. Wewe uliyejenga wa kwanza porini ndiye mfadhili wake. Tena nguzo zenyewe ni mikaratusi inayokua Mufindi na Njombe, na kutoka Mafinga hadi huku hakuna Mfereji wa Suez. Na ukishawasha taa tu, LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakukata kodi ya jengo shilingi 1,500 kila mwezi, nyumba iwe na maji isiwe na maji. Kwenye makato hayo sijasikia kifaa chochote kimekosekana.

Mhariri, sina haja ya tume wala semina ya wadau. Napendekeza ubao mmoja mweusi uwekwe nje ya kila ofisi ya maji, karibu na dirisha la malipo. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi mtunza stoo atoke mwenyewe aandike kwa chaki: dira zilizopo ngapi, bomba la inchi moja mita ngapi, viungio vingapi. Palipoandikwa sifuri, dirisha lifungwe, mtu asipewe namba ya malipo, maana hicho ndicho kifaa pekee ambacho katika ofisi ile hakijawahi kuisha. Aliyelipa, bei yake iwe ya siku aliyolipa, hata kama Suez itazibwa na meli kumi. Na kila anayeunganishwa kwenye bomba alilonunua mwenzake, alipie sehemu yake ya urefu, fedha hiyo ikatwe kwenye bili ya aliyenunua, kwa karatasi yenye mhuri, si kwa mdomo.

Najua jibu litakalokuja: bajeti ya mwaka huu haina fungu la mbao. Wasihangaike. Ubao ninao, umebaki tangu nilipokuwa nafundisha tuisheni nyumbani, na chaki nitawanunulia. Kuwanunulia vifaa vyao nimeshazoea.

Mwalimu mstaafu,
Kanda ya Ziwa
(Jina na namba yangu ya simu unavyo, Mhariri, usivichapishe.)