Shukrani kwa ndugu wa koti la kijani

Ndugu, uliondoka kabla sijakuuliza jina, kwa hiyo nakushukuru hapa.

Ilikuwa usiku, mwisho wa Aprili 2024, mvua haikatiki. Bwawa letu la udongo hapa Subukia, Kenya, lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Ulisimamisha pikipiki, ukamulika tochi chini ya ukuta. Mimi niliona maji tu; wewe uliyachota kiganjani ukanionyesha tope. Ukasema yakivuja safi ni ya kuangaliwa, lakini yakitoka na udongo ukuta unaliwa kwa ndani.

Kwanza ulimtuma kijana wangu akawaamshe majirani wa bondeni. Mimi nilitaka kuziba tundu, ukanikataza. Tukaweka mchanga wa chembe kubwa, juu yake kokoto, ili maji yapite na udongo ubaki. Kisha ukaingia hadi magotini kwenye mfereji wa kupunguzia maji, ambao niliuacha ukajaa nyasi, ukachimba mpaka bwawa likaanza kushuka.

Sisi ni majirani wa Solai, ambako Mei 2018 bwawa lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Najua ulituepusha na nini.

Vitunguu tulivuna. Gunia lako lipo, ndugu yangu. Mungu akubariki sana.