Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shindano la Kudondosha Yai

Ndugu wanachama, walimu wenzangu wa sayansi,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na habari za ada na kadi mpya zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Mimi nitalisemea zaidi shindano la kudondosha yai, kwa kuwa ndilo lililokula fedha nyingi mwaka huu na ndilo lililozua maneno.

Kwa wanachama wapya: wanafunzi wanapewa yai bichi, wanalitengenezea kasha, na kasha linaachiwa kutoka barazani ghorofani. Zamani yai likifika zima basi, kundi limeshinda. Matokeo yake, aliyekuwa na godoro kuukuu nyumbani hakuwa na mpinzani. Safari hii kamati iliweka masharti mawili. Kasha pamoja na yai lisizidi gramu 300, na kabla ya kudondosha, kila kundi liandike kasha lao litabonyea wapi na kwa kiasi gani.

Sharti la pili ndilo lililogeuza mambo. Yai linaloanguka mita 6 linafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa, mwendo wa bodaboda mjini. Hapo mwanafunzi hana cha kuamua isipokuwa umbali ambao yai litatumia kusimama. Yai la gramu 60 likisimama ndani ya sentimita 1, linabanwa, kwa wastani, kama limetwishwa kilo 36. Likipata sentimita 6, mzigo unashuka hadi kilo 6 hivi. Vijana walipoipiga hesabu hiyo ubaoni, waliacha kuulizana wajaze nini, wakaanza kubishana juu ya nafasi.

Kundi moja halikusikia. Walishindilia usufi ndani ya boksi mpaka likawa gumu kama gogo. Usufi uliolegea hubonyea, lakini ulioshindiliwa hauna pa kwenda, na yai lilipasuka pande mbili. Mwalimu wao, aliyetoa mto wa nyumbani kwake, alisikitika kuliko wanafunzi.

Kasha lililonifurahisha lilikuwa karibu tupu. Mabinti watatu walitia yai ndani ya soksi, wakaining'iniza katikati ya boksi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vilevile vinavyofungwa kwenye manati. Pembe za boksi walizivika vipande vya trei ya mayai. Lilipotua, pembe moja ilijikunja, tyubu zikavutika, na soksi ikashuka hadi upana wa kidole kutoka sakafu ya boksi, kisha ikarudi juu. Kwenye karatasi yao walikuwa wameandika "vidole viwili". Niliwapa alama zote, na waliolalamika nawaomba wakaisome tena karatasi ile.

Waliotumia makumbi walidai kwamba nazi huanguka kutoka mnazini na haipasuki. Hoja ni nzuri, ila makasha yao yalizidi uzito.

Kuna jambo la kitaaluma ambalo napenda liingie kwenye mwongozo wetu. Wengi tumekuwa tukifundisha kwamba yai ni imara zaidi likisimama wima. Mwaka 2025 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walidondosha mayai kutoka milimita 8 hadi 10 tu na kuona kwamba yaliyolala ubavu yalipasuka kwa nadra kuliko yaliyosimama. Ncha ni ngumu kweli, lakini ubavu hunepa kidogo zaidi na kumeza nishati nyingi kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo ule mchoro wa yai wima ulioko ukurasa wa kwanza wa mwongozo uondolewe, na kila kundi lijaribu mikao yote miwili.

Sasa maneno. Baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba tunamwaga chakula, na mimi nawaelewa. Napendekeza majaribio ya awali yafanywe kwa limau lenye uzito wa yai. Limau halitapasuka, lakini kasha litaonyesha limebonyea wapi, na hilo ndilo tunalolitafuta. Yai litumike siku ya shindano tu.

Limebaki suala la parachuti, ambalo kamati imeshindwa kukubaliana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Tanzania tarehe 1 Juni 2019, wanafunzi wanatumia mifuko mbadala au vipande vya kanga, na vyote ni vizito zaidi. Wanaotaka parachuti iruhusiwe wanakumbusha kwamba hata chombo cha Pathfinder, kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na kudunda si chini ya mara 15 ndani ya mifuko yake ya hewa, kilipunguzwa mwendo kwanza kwa parachuti. Wanaopinga wanasema parachuti itawarudisha vijana kwenye uvivu wa godoro. Mimi niko upande wa wanaopinga, ila uamuzi ni wenu. Karatasi za kura anazo katibu.

Naomba kuwasilisha.