Barua ya kufunga muhula: masomo ya mtandaoni kwa wanafunzi wa sekondari na watu wazima

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Desemba

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA UTARATIBU WA MASOMO YA MTANDAONI KUANZIA JANUARI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ripoti ya mwanao imo kwenye bahasha hii pamoja na fomu ya ada na orodha ya mahitaji. Hayo yanajieleza, sitayarudia. Barua hii ni ya darasa la mtandaoni, ambalo kuanzia Januari litakuwa na makundi mawili. La kwanza ni wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza hadi cha nne, kwa marudio ya jioni na masomo ya likizo. La pili ni watu wazima: wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa, yaani QT, na wale wa kurisiti, wanaorudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Najua baadhi yenu mnaosoma barua hii mmo katika kundi hilo la pili. Karibuni.

Swali la kwanza la kila mzazi ni bando, basi tuanze nalo. Kila somo lina video tatu kwa wiki, kila moja kama dakika 12. Mwenye masomo saba anatazama saa nne na dakika chache kwa wiki nzima. Video ikichezwa kwa ubora wa picha wa 360p, saa moja inakula takriban MB 300, kwa hiyo wiki ni GB 1 na robo hivi. Ikichezwa kwa 720p inaweza kula mara nne ya hapo, na mwalimu ni yuleyule, ubao ni uleule. Simu nyingi zimeachwa zijichagulie zenyewe, na mtandao ukipata nguvu tu zinapanda. Bonyeza alama ya gurudumu lenye meno kwenye video, chagua 360p, na uangalie tena siku inayofuata kama haijarudi ilikokuwa. Walimu wameandika ubaoni kwa herufi kubwa makusudi ili ubora huo utoshe.

Vipindi vya moja kwa moja tumevipunguza. Vitabaki viwili kwa wiki, Hisabati na Kiingereza, dakika 40 kila kimoja, sauti na ubao tu, kamera zote zimezimwa. Darasa zima likiwasha kamera, saa moja inaweza kumaliza GB nzima. Kwa sauti peke yake kwa kawaida haifiki MB 100. Ukisikia mwalimu amemtaka mwanafunzi awashe kamera, au amemwandikia peke yake usiku nje ya kundi, piga simu ofisini kwangu siku hiyohiyo. Kila kundi lina walimu wawili ndani yake, na mzazi anaruhusiwa kuingia wakati wowote. Sura na kazi za wanafunzi hazirushwi mitandaoni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la hiari tena.

Asiyeweza kununua bando kila wiki alete memori kadi shuleni, tutamwekea video zote za muhula. Masomo saba kwa wiki 16 ni kama GB 20, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha na nafasi inabaki. Angalizo ni kadi za bei ya kutupa. Zipo zinazoandikwa GB 128 ilhali uwezo wake halisi ni GB 8. Zinakubali kupokea mafaili yote bila kulalamika, video za mwanzo zinafunguka vizuri, za mwisho zinagoma au zinatoka vipande. Ukiijaribu kadi mpya, ijaze, kisha fungua faili la mwisho kuwekwa, usifungue la kwanza.

Simu je? Simu janja ya kawaida yenye RAM ya GB 2 inatosha. Msikimbilie vishkwambi wala kompyuta mpakato kwa ajili ya darasa hili. Vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kazi zetu zote zinaandikwa kwa kalamu kwenye daftari. Chumba cha mtihani cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ni karatasi na kalamu kwa saa tatu, na mkono uliozoea kubonyeza kioo unachoka saa ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloangusha wengi, hata wenye bando la kutosha: kazi isiyorudi. Ukimtazama mwalimu akikokotoa, kila hatua inaonekana nyepesi, na mtazamaji anaondoka akiamini ameelewa. Chukua mlinganyo wa x² − 5x + 6 = 0. Mwanafunzi anatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinaleta 6 na zikijumlishwa zinaleta −5, anapata −2 na −3, anafurahi. Mpe 2x² − 5x − 3 = 0. Anatafuta namba zinazozidishwa kuleta −3 na kujumlishwa kuleta −5, hazipati, anaona swali limekosewa. Alitakiwa kwanza azidishe ile 2 kwa −3, apate −6, ndipo atafute. Angepata −6 na 1. Kosa hilo halionekani kwenye video wala kwenye idadi ya mara alizoifungua. Linaonekana kwenye daftari tu, pale kalamu ilipokwama.

Kwa hiyo kila video itasimama katikati na swali. Mwanafunzi asimamishe, aandike jibu, ndipo aendelee. Zoezi la wiki linatoka Alhamisi, linarudishwa kabla ya Jumapili saa 2 usiku, na mwalimu analirudisha limesahihishwa Jumatano. Mazoezi mawili mfululizo yasiporudi tutakupigia wewe mzazi. Ukitaka kujua kama mwanao anasoma, usimuulize ametazama video ngapi. Mwambie akuonyeshe kazi ya wiki iliyopita yenye wino mwekundu. Hilo halihitaji mzazi awe amesoma.

Nchi hii iliwahi kufundisha watu wazima kwa mbali zamani sana, bila intaneti. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu wapatao milioni 2 kwa redio. Lakini hawakuachwa na redio peke yake: walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu, na kipindi kikiisha walitoka wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Tunashauri jambo la aina hiyo mtaani kwenu. Wanafunzi watatu au wanne wakae pamoja siku mbili kwa wiki, simu moja, bando moja la kuchangia, madaftari manne. Wakizidi watano, wawili wanasoma na waliobaki wanapiga soga.

Kuhusu kutuma kazi, tafadhali mwonyesheni mtoto mara moja na mhakikishe ameelewa, maana hapa ndipo walimu wanapopoteza muda mwingi. Daftari lilazwe juu ya meza karibu na dirisha, mchana. Simu ishikwe sambamba na ukurasa, kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Tumieni kitufe cha kuskani kilichomo kwenye programu ya Google Drive. Kinakata kingo, kinang'arisha karatasi na kuunganisha kurasa zote kuwa PDF moja. Faili lipewe jina hivi: jina la mwanafunzi, kidato, somo, namba ya wiki. Likitumwa kwa WhatsApp litumwe kama dokumenti. Likitumwa kama picha, WhatsApp inalibana, penseli inafifia, na michoro ya Baiolojia inageuka ukungu. Mwenye kurasa sita akituma picha sita bila mpangilio, mwalimu mwenye wanafunzi 40 anakuwa na picha 240 za kupanga kabla hajasahihisha hata moja. Kazi za namna hiyo zitarudishwa bila kusahihishwa.

Sayansi haitaisha kwenye simu. Fizikia, Kemia na Baiolojia zina mtihani wa vitendo, na vitendo vinataka mikono. Mfano ni bureti, ule mrija wa kioo wenye namba za kupimia kimiminika: uso wa kimiminika ndani yake hubonyea katikati, na namba husomwa chini ya ubonyeo huo, jicho likiwa usawa wake. Anayesoma akiwa amesimama juu yake anapata namba pungufu, na hesabu yote ya titresheni inakwenda kombo. Video inaweza kueleza hayo, lakini haiwezi kumshika mtu bega imwambie ainame. Kwa sababu hiyo kuna Jumamosi moja kila mwezi maabara, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, kwa makundi yote mawili. Asiyeweza kuhudhuria nusu ya Jumamosi hizo namshauri asichague masomo ya sayansi kwa njia hii.

Kwa watu wazima, vipindi ni saa 2:30 usiku, baada ya maduka kufungwa na chakula kuliwa. Aliyeishia darasa la saba anaanza na QT, ambayo mada zake ni za kidato cha kwanza na cha pili. QT haimpi mtu cheti cha kuombea kazi. Inampa ruhusa ya kufanya mtihani wa kidato cha nne, nayo lazima afaulu kwanza. Anayerisiti yeye achague masomo anayoyahitaji. Kama shabaha ni kidato cha tano, anahitaji kufaulu angalau masomo matatu kwa C au zaidi. Kurudia masomo tisa huku unafanya kazi kutwa ni kujitafutia matokeo yaleyale. Hesabu yetu ni saa nne kwa wiki kwa kila somo. Mwenye saa kumi na mbili za kweli, asajili matatu.

Ukuta mkubwa kwa aliyekaa nje ya shule miaka kumi na tano huwa ni Kiingereza, kwa kuwa masomo mengi yanatahiniwa kwa lugha hiyo. Wiki sita za mwanzo tutafundisha mada kwa Kiswahili na kuandika majibu kwa Kiingereza, tukikazia maneno ya maswali: lipi linataka utaje tu, lipi linataka ueleze kwa sentensi. Watu hupoteza alama kwa kuandika ukurasa mzima mahali palipotakiwa maneno matatu.

Usajili wa NECTA kwa watahiniwa wa kujitegemea kwa kawaida hufunguliwa Januari, na anayechelewa hulipa faini. Njoo na namba ya mtihani wa awali na mwaka wake, na picha ya pasipoti. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye matokeo ya awali, herufi kwa herufi. Aliyekuwa Mwanaidi asijiandike Mwanahidi, wala aliyeolewa asibadili la ukoo kwa kudhani ni jambo dogo; kulirekebisha baadaye ni safari ndefu kuliko masomo yenyewe. Kumbuka pia kwamba mtahiniwa wa kujitegemea habebwi na alama za maendeleo za shuleni. Anasimama na mtihani wake peke yake.

Malipo yote ya shule yanapitia namba iliyo kwenye fomu ya kijani. Hakuna mwalimu atakayekuandikia "ile hela tuma kwenye namba hii". Wala hakuna mtihani uliovuja unaouzwa Telegram. Kilichopo ni mtu anayekusanya elfu kumikumi za watoto wenu. Laini iliyofungua akaunti ya mwanafunzi msiitupe kabla ya kutuarifu, kwa sababu nywila ikisahaulika namba ya kuifungua inatumwa kwenye laini hiyohiyo.

Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa 4 asubuhi, tutakuwa ukumbini kuwafungulia watu akaunti na kujaza memori kadi. Njoo na simu yenye chaji, na daftari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule