Barua kwa mwanangu anayeanza kusomea hali ya hewa

Mwanangu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima. Jina lako tumeliona: shahada ya kwanza ya hali ya hewa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hongera sana, mama. Ya shangwe utasikia kwa shangazi zako. Mimi nakuandikia ya darasani, kwa sababu kozi hii watu huiingia wakidhani watasoma mawingu, kisha wanakutana na hesabu na kuvunjika moyo kabla ya Krismasi.

Mwaka wa kwanza mawingu utayaona kidogo sana. Utasoma kalkulasi, vekta, milinganyo ya difarensheli, mekanika, joto na gesi, takwimu, na kuandika programu za kompyuta. Wapo watakaokuambia hayo ni mapito, ukipata alama ya kufaulu inatosha. Usiwasikilize. Ukifika kwenye somo la mwendo wa hewa, kila ukurasa utadai uonyeshe badiliko la kitu kwa wakati, kwa mashariki, kwa kaskazini na kwa kimo, yote manne kwa pamoja. Asiyeielewa kalkulasi hapo hukariri, na mtihani wa somo lile haukaririki. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka kiwango cha chini cha mambo ambayo mtu lazima ayamudu ndipo ahesabiwe kuwa mtaalamu kamili wa fani hii, na hesabu na fizikia ndiyo mlango wake. Wale wanaosoma cheti na diploma pale Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa Kigoma wanafuata njia nyingine, ya ufundi wa upimaji. Ukikutana nao kituoni uwaheshimu na uwaulize maswali, kwani mkono wa mpimaji ndio unaozaa namba zote utakazochezea kwenye kompyuta.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Kila namba utakayoipata, kabla ya kuiandika, ihoji: ina vipimo gani, ina alama gani mbele, ni ya saa ngapi, na mahali ni wapi. Wanafunzi wengi wanaoanguka wanaijua kanuni vizuri tu. Wanaangushwa na hayo manne.

Chukua kanuni ya gesi: mgandamizo ni sawa na densiti mara 287 mara jotoridi. Siku ya kawaida Dar es Salaam mgandamizo ni hektopaskali 1010 na joto nyuzi 30. Geuza kwanza: paskali 101,000 na kelvini 303.15. Gawanya, utapata kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo, ambayo ni hewa ya kweli. Ukisahau na kuweka 30 badala ya 303.15 utapata kilo 11.7, hewa nzito mara kumi. Kikokotoo hakitakuonya. Mwenye kujua kwamba hewa ya pwani ina uzito wa kilo moja na kidogo atashtuka palepale. Asiyejua ataendelea na kurasa tatu za upotevu.

Alama ya mbele, mfano wake ni upepo. Sisi tuna bahati: tunaposema kaskazi au kusi tunautaja upepo kwa kule unakotoka, na ndivyo wataalamu wa hali ya hewa wanavyofanya duniani kote. Lakini kwenye milinganyo upepo unahesabiwa kwa kule unakokwenda. Upepo unaotoka nyuzi 40 kwa noti 10, karibu mita 5.1 kwa sekunde, ni kaskazi yetu ya Januari. Sehemu ya mashariki, u, ni hasi ya kasi mara sini ya 40, na sehemu ya kaskazini, v, ni hasi ya kasi mara kosini ya 40. Utapata hasi 3.3 na hasi 3.9. Ukiisahau ile hasi umeugeuza upepo, na ramani yako itaonyesha upepo wa kusini-magharibi katikati ya msimu wa kaskazi. Jipime hivi: kaskazi, zote mbili hasi, kusi inayotoka kusini-mashariki, u hasi na v chanya. Na kwenye kompyuta geuza nyuzi kuwa radiani kwanza, la sivyo sini yako itakuwa ya pembe nyingine kabisa.

Mahali. Vitabu vingi utakavyopewa vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na mifano yao ni ya kwao. Watakufundisha upepo unaosawazishwa na tofauti ya mgandamizo na kani ya Coriolis, yaani ule msukumo wa pembeni unaotokana na dunia kujizungusha. Kani hiyo inategemea sini ya latitudo, kwa hiyo ikweta ni sifuri. Chukua tofauti ya hektopaskali moja kwa kilomita 100. London, kwenye nyuzi 51.5, hesabu inatoa upepo wa mita 7.5 kwa sekunde, jambo la kawaida. Peleka hesabu ileile Dar es Salaam, nyuzi 6.8 kusini: utapata mita 50 kwa sekunde. Huo ni upepo wa kung'oa mapaa, na wewe uko ufukweni unakunywa dafu. Hesabu haikukosewa. Mizani ile inayodhaniwa na kanuni haipo huku kwetu, kani ya Coriolis ni dhaifu mno kuishikilia. Ndiyo maana watabiri wa tropiki hawategemei mistari ya mgandamizo kama wenzao wa kaskazini; wanachora mikondo ya upepo wenyewe, wanatazama unapokutana na unapotawanyika. Ukiulizwa kwenye mtihani kwa nini, anza na latitudo.

Tena michoro yao ni ya nusu ya kaskazini ya dunia, ambako hewa huzunguka kimbunga kinyume cha mishale ya saa. Upande wetu huzunguka kufuata mishale ya saa. Kimbunga Hidaya kilipousogelea mwambao wa Tanzania Mei 2024 na kuishiwa nguvu maeneo ya Mafia, ndivyo kilivyozunguka. Chora upya kwa mkono kila mchoro wa kitabu kwa upande wetu. Inachosha, lakini baada ya wiki chache hutakosea tena.

Kuhusu saa, mwanangu, hili ni dogo lakini linaharibu tafiti nzima. Takwimu nyingi za hali ya hewa duniani huandikwa kwa saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa saa zetu za Kiswahili kuna njia nyepesi: mchana, ongeza tatu. Saa tatu asubuhi ni 06, saa tisa alasiri ni 12. Usiku ongeza kumi na tano: saa tatu usiku ni 18. Tatizo liko kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku. Mvua iliyonyesha saa nane usiku tarehe 15 kwetu, kwenye faili la kompyuta ni saa 23 ya tarehe 14. Ukijumlisha mvua ya siku kwa saa ya kimataifa, kisha ukailinganisha na mvua ya kituo iliyopimwa saa tatu asubuhi, utasema modeli, ile programu ya kompyuta inayoiga anga, imekosea siku, kumbe umekosea wewe. Uliza pia kituo kinaandika kipimo cha asubuhi kwa tarehe ya siku hiyo au ya jana yake.

Mafunzo kwa vitendo usiyafanye kwa kutafuta muhuri. Kaa kwenye kiwanja cha vipimo. Kibanda cheupe cha vipimajoto kinatakiwa kufunguliwa upande ambao jua halitapiga ndani, na huku tropiki jua hupita kaskazini miezi fulani na kusini miezi mingine, ndiyo maana hufaa kiwe na milango miwili. Ukifungua, soma haraka, na desimali kwanza, kwa sababu pumzi na mwili wako vinapandisha joto. Jicho liwe sawa na zebaki. Ukitazama kutoka juu au chini unasoma namba nyingine. Kile kipimajoto kilichovikwa kitambaa kibichi kikague sana. Kitambaa kikichafuka au kikishika chumvi ya bahari, maji hayavukizi sawasawa, kipimajoto hakishuki inavyotakiwa, na hesabu yako itasema hewa ina unyevu kuliko ilivyo. Pwani kibadilishwe angalau kila wiki, na maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke, siyo ya bomba.

Kipimamvua nacho kina mtego wake. Kuna chenye mdomo wa milimita 127 na kuna cha milimita 203, na kila kimoja kina silinda yake ya kupimia. Mvua ya milimita 10 kwenye kile kidogo ni mililita 127 hivi za maji. Kwenye kikubwa ni mililita 324. Silinda ikivunjika na mtu akaazima ya aina nyingine, mvua yote ya msimu inaandikwa mara mbili na nusu zaidi, au pungufu kwa kiasi hicho. Miaka ishirini baadaye mwanafunzi kama wewe anaona "mabadiliko ya tabianchi" kwenye grafu, kumbe ni silinda. Ukiona mruko wa ghafla kwenye takwimu za kituo kimoja ambao majirani zake hawana, shuku kifaa kabla ya kushuku anga.

Taarifa za viwanja vya ndege zisome kila siku, ni darasa la bure. Nakutungia mfano mmoja: HTDA 150600Z 04010KT 9999 SCT020 29/24 Q1011. Uwanja wa Dar es Salaam, tarehe 15, saa tatu asubuhi, upepo kutoka nyuzi 40 kwa noti 10, mwono kilomita 10 au zaidi, mawingu yaliyotawanyika kwenye futi 2,000, joto 29, nukta ya umande (joto ambalo hewa ikipoa kulifikia mvuke huanza kuwa maji) 24, mgandamizo 1011. Usiishie kuifasiri. Toa 24 kwenye 29, zidisha kwa mita 125: kitako cha wingu kinatarajiwa mita 625. Futi 2,000 ni mita 610. Umeona? Joto la chini limekueleza urefu wa wingu. Siku namba hizo mbili zikikataana sana, jiulize: labda wingu lile halikuzaliwa na hewa ya hapo chini, limesukumwa kutoka kwingine. Hapo ndipo utabiri unapoanza.

Kompyuta: jifunze lugha ya programu ya Python na mfumo wa Linux mapema, usisubiri mradi wa mwisho. Utatumia ERA5, takwimu za kituo cha utabiri cha Ulaya zinazoanzia 1940, kwa miraba ya robo nyuzi. Joto liko kwa kelvini. Mvua iko kwa mita, hivyo 0.012 ni milimita 12. Latitudo zimepangwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Ukiomba kipande cha hasi 12 hadi hasi 1 utapewa faili tupu, lazima uombe hasi 1 hadi hasi 12. Kumbuka pia kwamba Kilimanjaro yenye mita 5,895 imesawazishwa ndani ya miraba ile na nyanda zinazouzunguka, kwa hiyo usitoe joto la kileleni humo. Takwimu za vituo vyenyewe ziombe Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa barua ya chuo, na uombe miezi kadhaa kabla. Zikifika, tafuta kwanza alama za siku zisizo na kipimo. Nyingi huandikwa hasi 999 au mfano wake, na ukizijumlisha kwenye wastani utapata Morogoro yenye baridi kuliko Siberia. Ukifikia kuendesha modeli ya utabiri iitwayo WRF, hatua ya muda, yaani muda inaouruka kati ya hesabu moja na nyingine, kwa sekunde isizidi sana mara sita ya upana wa mraba kwa kilomita: kilomita 9, sekunde 54. Ukiwa na haraka ukaongeza, modeli italipuka, namba zake zipande ovyo na isimame, katikati ya usiku na asubuhi utaanza upya.

Ajira zipo nje ya ofisi ya utabiri pia: usafiri wa anga, bima ya mazao, umeme wa maji, bandari. Hayo tutazungumza ukifika mwaka wa mwisho.

Katika begi lako, chini ya kanga, nimeweka daftari la jalada gumu. Kila jioni saa kumi na mbili toka nje, tazama anga, kisha andika asilimia unayoipa mvua ya kesho hapo ulipo. Asilimia, siyo "huenda". Kesho yake andika 1 kama imenyesha, 0 kama haikunyesha, toa asilimia yako kwa desimali (70 ni 0.7), na uzidishe tofauti kwa yenyewe. Ulisema asilimia 70 na ikanyesha: 0.3 mara 0.3, kosa ni 0.09. Haikunyesha: 0.7 mara 0.7, kosa ni 0.49. Kila mwisho wa mwezi tafuta wastani. Halafu ulinganishe na mtu wa kufikirika ambaye kila siku anataja asilimia ileile ya siku za mvua za mwezi huo kwa miaka iliyopita. Miezi ya mwanzo atakushinda. Niandikie mwezi utakapomshinda, na uniambie ulitazama nini.

Mama yako akupendaye.